Njia ya Chini ni ya Nani?

Kila mvua ya masika inapoanza kunyesha jijini Nairobi, huzuka biashara moja isiyo na leseni wala kibanda. Vijana watatu au wanne hutwaa mbao, wakazitandika juu ya mawe mahali ambapo maji yametuama, kisha wakasimama kando kupokea shilingi kumi kutoka kwa kila apitaye. Asiyekuwa nazo huvua viatu, akakunja suruali au akainua rinda, na kujitosa. Mojawapo ya mahali ambapo biashara hii hunawiri ni mdomo wa njia ya chini, yaani ile njia iliyopitishwa chini ya barabara kuu ili mwenda kwa miguu avuke upande wa pili pasipo kugongwa na gari.

Njia hizi hazijapata jina moja linalokubalika katika Kiswahili chetu. Wako waziitao handaki, wako wasemao tundu, na vinywani mwa wengi mitaani ni andapasi tu. Katika makala haya nitasema njia ya chini, kwa kuwa ndivyo mtoto wa shule anavyoweza kueleza bila kufikiri mara mbili. Ninalotaka kulijadili ni ile hali ambayo wananchi wa kawaida, wakiwemo wachuuzi, vijana wa mtaa, wanafunzi na waumini wa makanisa na misikiti ya karibu, hujitolea kuifagia, kuipaka rangi na kuitia taa njia ambayo serikali iliijenga kisha ikaisahau. Je, jitihada hizo zaweza kudumu? Na zisipodumu, lawama ni ya nani?

Uzito wa jambo lenyewe ni rahisi kuuona. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) zimeonyesha kwa miaka kadhaa mfululizo kwamba barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Mnamo 2022 walikufa 4,690. Zaidi ya thuluthi moja ya marehemu hao huwa ni waenda kwa miguu, watu ambao hawakuwa na usukani mikononi wala hawakupanda chombo chochote. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012 baada ya kugharimu zaidi ya shilingi bilioni 30, ina urefu wa kilomita 50 hivi na mahali pengi ina leni nane. Hakuna mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi anayeweza kuzivuka leni nane mbio. Barabara ya Outering nayo ilipopanuliwa, magari yalianza kwenda kasi kabla ya madaraja ya waenda kwa miguu kukamilika, na wakazi wa mitaa ya mashariki mwa jiji wanayakumbuka matanga yaliyofuata.

Kwa hiyo mwenda kwa miguu amewekwa mbele ya mambo mawili. Akipita juu ya lami, huenda akagongwa, au akakamatwa na polisi kwa kosa la kuruka vizuizi na kupelekwa kortini. Akipita chini au darajani wakati wa magharibi, huenda akaporwa simu, na ikiwa ni mwanamke huenda akapata madhara makubwa kuliko hayo. Wakubwa wanapoona watu wameikwepa njia waliyojengewa, husema kwamba wananchi ni wakaidi na wanahitaji elimu ya usalama. Mimi nadhani watu hao wamefanya hesabu zao vizuri sana. Gari huonekana kutoka mbali. Anayekuvizia gizani haonekani. Tena nimewahi kusikia mara nyingi habari za wapita njia kukamatwa, lakini sijapata kusikia habari za afisa aliyekamatwa kwa kuiacha taa ya njia ya chini ikae miaka miwili bila globu.

Hapa msomaji ataniwia radhi nikiingiza somo la viambishi katika habari za mitaro, maana kazi yangu ni isimu na mazoea hayaachi mwenyewe. Mwalimu wa Kiswahili akiandika kitenzi haribu ubaoni, wanafunzi wake watamtajia haribiwa na haribika bila kusita. Kauli hizi mbili hufanana kwa mbali, lakini zina tofauti kubwa. Katika kauli ya kutendwa, “taa zimeharibiwa”, msikilizaji ana haki ya kuuliza “na nani?”, kwa sababu sarufi yenyewe imemwekea mtenda kiti chake, hata kama kiti kile kimeachwa wazi. Katika kauli ya kutendeka, “taa zimeharibika”, kiti hicho hakipo. Unaweza kutaja sababu, ukasema kwa mvua au kwa uzee, lakini huwezi kusema “zimeharibika na fulani” ukaeleweka. Taa zimeharibika zenyewe, kama embe liivavyo likaanguka.

Sasa sikiliza tunavyozungumza juu ya mali ya umma. Barabara imechimbika. Mtaro umezibika. Taa zimezimika. Mfuniko umepotea. Na katika taarifa za wakaguzi wa hesabu, fedha nazo zimepotea, utadhani zilikuwa mbuzi. Sisemi kwamba sarufi ndiyo iliyouziba mtaro; waliouziba ni watu waliotupa mifuko ya taka na wengine waliolipwa mshahara wa kuizoa wasiizoe. Ninachosema ni kwamba tumezoea lugha isiyouliza swali la mtenda, na mazoea hayo yamewafaa sana wale ambao lingewahusu.

Zitazame pia zile amri zilizoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta za mahali kama hapo: USIKOJOE HAPA, USITUPE TAKA HAPA, pengine na faini juu yake. Mwenye kuambiwa yupo, ni wewe, nafsi ya pili umoja, umesimama hapo na haja yako. Mwenye kusema hayupo. Hakuna sahihi, hakuna jina la ofisi, hakuna mahali pa kuilipia hiyo faini, na mita mia mbili kutoka hapo hakuna choo. Amri isiyo na mwenyewe haitiiwi na mtu, na harufu ya mahali penyewe ni ushahidi wa kutosha.

Basi nani mwenye njia ya chini? Tukiifuata sheria, tutajikuta tumepotea ndani ya shimo lile lile. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa Serikali Kuu barabara kuu za kitaifa, likazipa kaunti barabara za kaunti pamoja na taa za mitaani. Kabla ya hapo, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilikuwa imeunda mamlaka tatu: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya barabara za mashambani. Tuseme basi kwamba njia fulani imepita chini ya barabara kuu ya kitaifa. Dari yake, ambayo kwa gari ni sakafu, ni ya mamlaka ya kitaifa. Taa inayoning'inia kwenye dari hiyo, ikiwa tutaihesabu kuwa taa ya mtaani, ni ya kaunti. Umeme wa kuiwasha hutoka kwa kampuni ya umeme, ambayo hukata nyaya bili isipolipwa. Mchuuzi aliyetandika nyanya mlangoni yuko chini ya askari wa kaunti, ilhali mwizi aliyejificha nyuma yake ni wa polisi wa taifa. Maji yanayotuama sakafuni yameteremka kutoka kwenye lami ya mmoja na kukwama katika mtaro wa mwingine. Mwananchi akienda kulalamika kwa yeyote kati ya hao, ataelekezwa kwa mwenzake, na kila mmoja atakuwa amesema ukweli wa kiasi fulani.

Katika pengo hilo ndimo jamii zinamoingia. Kwa kweli hatukosi mifano ya watu waliojipatia mahali salama kwa mikono yao wenyewe. Dandora ni mmojawapo. Mtaa huo ulianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mradi wa baraza la jiji na Benki ya Dunia, na katika ramani yake nyumba zilizungushiwa viwanja vidogo vya pamoja ili watoto wapate pa kuchezea. Miaka ilipokwenda, viwanja hivyo vikageuka majaa na maficho. Mnamo miaka ya 2010 vijana wa kiwanja kimoja kilichokuja kujulikana kwa jina la Mustard Seed walianza kuzoa taka, wakapaka kuta rangi, wakapanda miti na maua, wakaweka lango, na wenye nyumba wakakubali kutoa mchango mdogo kila mwezi. Baadaye yakaja mashindano ya viwanja, mtaa dhidi ya mtaa, na mambo yakaenea. Hakuna waziri aliyehitajika kukata utepe.

Mtu anaweza kuutazama mfano wa Dandora akasema: basi na njia za chini zifanyiwe vivyo hivyo. Hapo ndipo ningependa tusimame kidogo, kwa sababu kuna tofauti ambayo wahamasishaji wetu huiruka. Kiwanja cha Dandora kimezungukwa na milango. Anayekaa nyuma ya mlango huo huona taka asubuhi na jioni, humjua mtoto wa jirani kwa jina, na akiombwa mchango hana pa kukimbilia. Njia ya chini haina wakazi, ina wapitaji. Maelfu ya watu huitumia kila siku kwa dakika moja moja, na hakuna hata mmoja wao ambaye angesema ni yake. Mzee aliyeizoea miaka kumi, ukijumlisha muda wote aliowahi kukaa ndani yake, hazidi siku chache.

Wanaokaa pale ni wengine. Ni mama wa nyanya na vitunguu, fundi viatu, muuza mahindi ya kuchoma, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria, na mwenye kibanda cha M-Pesa kama nafasi inaruhusu. Hao ndio waonao nani ameingia na hajatoka. Hao ndio ambao taa ikizimika hupoteza wateja wa jioni, kwa hiyo wana sababu ya kuinunua globu. Lakini hao ndio ambao kaunti, kila inapotaka kuonekana inafanya kazi, huwafukuza kwanza, ikawavunjia meza na kuwapakia kwenye magari ya askari. Sikatai kwamba wachuuzi wakiachwa bila mpango huijaza njia hadi kiti cha magurudumu kisipate pa kupita, na hilo nalo ni dhuluma. Ila kuwaondoa wote ni kuifukuzia mbali jozi ya macho iliyokuwa ikiilinda njia bure, na baada ya wiki mbili hubaki wale ambao meza zao haziwezi kuvunjwa kwa kuwa biashara yao haina meza.

Wenzetu wa Uingereza wana uzoefu mrefu wa njia hizi, na yaliyowapata yanafaa kusimuliwa. Katika mji wa Bristol kuna mzunguko mkubwa wa barabara uitwao St James Barton, ambao katikati yake kuna uwanja uliozama chini ya usawa wa magari, na njia za chini za waenda kwa miguu huingia humo kutoka kila upande. Wenyeji waliupa jina la Bearpit, yaani shimo la dubu. Kwa miaka mingi palikuwa mahali pa kupita kwa haraka na roho mkononi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kikundi cha wakazi cha kujitolea kilijitwika kazi ya kupaboresha. Wakaleta vibanda vya vyakula na kahawa, wakafanya gulio, wakawaruhusu wasanii kuchora kutani, na mwaka 2013 ikasimamishwa sanamu kubwa ya dubu. Halmashauri ya mji ikafurahi, ikawapa uhuru maalumu wa kupaendesha. Watu wakaja kutazama, na magazeti yakasifu.

Kisha yakatokea mambo ambayo brashi ya rangi haiyawezi. Watu wasio na makao walikuwa wakilala pale, dawa za kulevya zikauzwa, ugomvi ukazidi, wenye vibanda wakaanza kufunga mmoja baada ya mwingine. Kikundi cha kujitolea hakina polisi, hakina daktari wa kuwatibu walioathiriwa na dawa, wala hakina nyumba za kuwapa wasio na pa kulala. Hayo ni mambo ya dola. Mwaka 2018 halmashauri iliufuta mpango ule na kupatwaa tena mahali pale, na mwaka uliofuata ikapasafisha, ikaondoa waliolala humo na michoro iliyokuwa kutani. Wako waliosema ilifanya vyema na wako waliosema ilisaliti. Mimi naona kosa lilifanyika mapema zaidi, siku ile jamii ilipokabidhiwa mahali pazima pamoja na shida zake zote, pasipo kuwepo mapatano ya nani angefanya nini rangi itakapokwisha kukauka.

Waingereza wengine walichagua njia tofauti kabisa. Mjini London, katika makutano ya Elephant and Castle, njia za chini zilizochukiwa na wapita njia zilizibwa katika muongo wa 2010, na watu wakapewa vivuko vya juu ya ardhi vyenye taa za kuzuia magari. Gari ndilo lililoambiwa lingoje. Hilo kwetu linawezekana mahali pengi katikati ya jiji, na ningependa kuwaona wahandisi wetu wakilipigania. Kwenye barabara ya leni nane yenye malori ya mizigo, hata hivyo, njia ya chini na daraja la juu zitabaki nasi kwa miaka mingi ijayo.

Na maadamu tumewataja tembo kwa jina la makutano ya London, tuwatazame ndovu wetu halisi. Tangu mwanzoni mwa 2011 kuna njia ya chini kwenye barabara itokayo Nanyuki kuelekea Meru, iliyojengwa mahususi ili ndovu wapite kati ya msitu wa Mlima Kenya na ule wa Ngare Ndare, na kuendelea hadi hifadhi ya Lewa, bila kukanyaga lami. Fedha zilichangwa na wahisani, mashamba makubwa ya eneo hilo yakatoa ardhi ya ushoroba, uzio ukasimamishwa pande zote mbili, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likashirikishwa. Ndovu dume aitwaye Tony alikuwa wa kwanza kupita, mara tu njia ilipokuwa tayari, na tangu hapo mamia ya ndovu wamefuata. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017, nayo ilijengewa vipenyo vya wanyama katika eneo la Tsavo.

Sina kinyongo na ndovu. Nauliza tu kwa nini njia yake inapitika ilhali ya mwanafunzi wa darasa la nne haipitiki. Ndovu hakuhudhuria semina ya usalama barabarani wala hakuandikiwa USIKOJOE HAPA. Tofauti ni kwamba ya ndovu ina wenyewe wanaojulikana kwa majina ya mashirika yao, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuukagua uzio, na uzio ukikatika kuna ofisi ambayo simu yake italia. Jamii na wahisani walichanga, lakini hawakuchanga siku moja wakaenda zao. Na mchango wao uliandikwa kando ya wajibu wa serikali, haukuja kuufuta.

Mahali pengine tumetegemea mtu mmoja badala ya ofisi. Kando ya Mto Nairobi, karibu na mzunguko wa Globe Cinema, Waziri wa Mazingira John Michuki alisimamia usafishaji wa eneo lililokuwa jaa na gereji za vichochoroni, akapanda miti, mwaka 2008. Michuki alifariki Februari 2012. Bustani ile ikadorora hata ikawa pa kuogopwa, mpaka ilipofufuliwa mnamo 2020 na kufunguliwa upya kwa jina lake. Mtu mkali anaweza kuyasafisha mahali popote. Kuyaweka safi miaka kumi na miwili kunahitaji fungu la fedha na orodha ya zamu.

Kuhusu fedha, kuna dhana kwamba mwenda kwa miguu halipii barabara na kwa hiyo apewacho ni hisani. Dhana hiyo ni potofu. Ushuru wa kudumisha barabara uliwekwa kisheria mwaka 1993 na hutozwa kwa kila lita ya mafuta. Tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa lita. Kila apandaye matatu huulipa ndani ya nauli, na kila anunuaye unga huulipa ndani ya bei ya usafirishaji. Mnamo 2025 serikali iliweka rehani shilingi 7 kati ya hizo 25 ili kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi madeni yao. Magavana na wabunge nao walivutana juu ya mgao wa ushuru huo hata wakafikishana mahakamani. Katika vuta nikuvute hiyo yote sikusikia mtu akitamka neno globu. Kaunti ya Nairobi yenyewe, katika sera yake ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini, iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Ahadi hiyo iliandikwa kwa lugha nzuri.

Taa ndilo jambo la kwanza, na wenye mitaa duni walilijua kabla ya wataalamu. Zile taa kubwa za mlingoti mrefu zilipowekwa, wakazi wenyewe waliziita mulika mwizi, na jina likashika kuliko jina lolote la mradi. Ni jina lenye mtenda na mtendwa: kuna kimulikacho na kuna mwizi. Lakini taa huibwa. Vyuma vya kingo na vifuniko vya mitaro huuzwa kwa kilo, na tatizo hilo lilifikia hatua ya Rais Uhuru Kenyatta kupiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuanguka na nchi kubaki gizani. Marufuku hiyo ikaondolewa Mei mwaka uo huo. Kijana wa kujitolea anayelala nyumbani kwake usiku hawezi kushindana na mnunuzi wa vyuma mwenye mzani.

Ndiyo maana naona jamii zinazotaka kuiokoa njia yao ya chini zifanye kazi mbili kwa wakati mmoja. Zifagie, zipake rangi, zikubaliane na wachuuzi juu ya mstari wa kutandika bidhaa, maana wakingoja ofisi zipatane watoto wao watakuwa wameshamaliza shule. Papo hapo zidai karatasi moja yenye sahihi: mamlaka ya barabara itazibua mtaro mara ngapi kwa mwaka, kaunti itabadili globu ndani ya siku ngapi, kituo gani cha polisi kitapitisha doria na saa ngapi, na kikundi cha wakazi kitafanya nini. Kikundi kikikubali kufagia bila karatasi hiyo, kitakuwa kimeajiriwa na serikali bila mshahara, na siku kitakapochoka kitaambiwa kwamba njia iliharibika mikononi mwake.

Walimu wanaosoma ukurasa huu wana nafasi ambayo wengine hawana. Mtaala wa sasa unawataka wanafunzi waihudumie jamii kama sehemu ya masomo, na shule nyingi huitekeleza huduma hiyo kwa ufagio na glavu. Ufagio una kazi yake. Lakini insha ya barua rasmi, ambayo kila kidato huandikiwa mkuu wa shule wa kubuni, ingeweza kuandikiwa mtu halisi. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upataji Habari ya mwaka 2016 humpa kila raia haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Afisa ana siku 21 za kujibu. Asipojibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki katika Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman.

Barua yenyewe haihitaji kuzidi nusu ukurasa. Wanafunzi watauliza ni ofisi ipi inayomiliki njia wanayopitia kwenda shuleni, ni nani anayelipa bili ya taa zake, mtaro wake ulizibuliwa mwisho lini na nani, na ni kiasi gani cha fedha kimetengwa mwaka huu kwa kazi hiyo. Vitenzi vyote viwe katika kauli inayomtaja mtenda. Mwalimu akate alama kwa kila haribika. Sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwa hivyo hakuna haja ya kutafuta mkalimani. Aidha, habari inayohusu uhai wa mtu inapaswa kutolewa katika saa 48, na ningependa sana kumsikia afisa akieleza ni kwa nini njia isiyo na taa chini ya barabara ya leni nane haimo katika kundi hilo.